Usitie saini kwa adabu

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, naishi Fort Worth, Texas, tangu sisi Wakongo tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kitindamimba wangu anatimiza miaka mitatu tarehe 14 Oktoba. Hasemi kama wenzake, ana maneno manne tu, na ukimwita hageuki mpaka umguse. Tangu alipokuwa na mwaka na nusu, dada mmoja wa ECI, mpango wa Texas wa kusaidia watoto wadogo wanaochelewa kukua, huja nyumbani kila Jumanne. Anaketi nasi mkekani, anamfundisha mtoto na mimi ananifundisha. Amekuwa ndugu. Wiki iliyopita kaniambia mtoto akifika miaka mitatu yeye haji tena, mtoto ataingia shule, na kabla ya hapo kuna mikutano. Shangazi, mtoto wa miaka mitatu, hasemi, bado anavaa nepi, apande lile basi la manjano peke yake? Baba yake anasema akae nyumbani mpaka aseme, maana watoto wa kiume huchelewa. Nifanye nini?*
*Mama K., Fort Worth*

Marahaba, Mama K. Wa kwangu alikuwa na Alhamisi yake. Sasa ana miaka 16 na kanipita urefu, lakini yule dada wa Alhamisi bado namkumbuka jinsi alivyokuwa akivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kwa hiyo sitakwambia ni jambo dogo.

Nianze na huyo dada, usije ukadhani amewachoka. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu ina mizizi tangu 1975, lakini sehemu ya watoto wachanga iliongezwa baadaye, mwaka 1986. Ndiyo maana ECI na shule ni nyumba mbili zenye milango tofauti, na ule wa kwanza hufungwa siku ya kuzaliwa ya tatu. Hata akitaka kuja Jumanne inayofuata, ECI haimruhusu.

Tofauti ya nyumba hizo imo kwenye herufi. Karatasi ya mpango wa huduma uliyonayo sasa inaitwa IFSP, na hiyo F ni familia: ndiyo maana anakuja kwako, anaketi mkekani, na wewe unafundishwa pamoja na mtoto. Karatasi ya shule inaitwa IEP, na hapo E ni elimu. Mwanafunzi ni mtoto peke yake. Hakuna atakayekuja kuona anavyokula ugali au anavyoziba masikio jirani akiwasha mashine ya kukatia nyasi. Wasiyoyaona, uyapeleke wewe.

Tarehe kwanza. Mkutano wa kuaga ECI na kukutana na watu wa shule unatakiwa ufanyike si chini ya siku 90 kabla hajatimiza miaka mitatu, na mkikubaliana unaweza kufanyika hata miezi tisa kabla. Nimekuhesabia: siku 90 kabla ya 14 Oktoba ni 16 Julai. Julai shule za Texas zimefungwa, na ukipiga simu utaambiwa mhusika yuko likizo. Mwambie dada wa Jumanne, wiki hii, kwamba unataka mkutano huo kabla shule hazijafungwa. Baada yake shule itakuomba ruhusa ya maandishi ya kumpima mtoto. Akikutwa anastahili, IEP inatakiwa iwe tayari siku anapotimiza miaka mitatu.

Kupimwa kwenyewe ndiko kunakoniumiza roho kwa watoto wetu. Mtaalamu anamwonyesha picha ya maji, anauliza kwa Kiingereza, mtoto ananyamaza, inaandikwa hana neno. Kumbe nyumbani anasema "mai" na kunyoosha kidole kwenye jagi. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa ikishindikana kabisa, lakini usitegemee wakumbuke wenyewe. Chukua karatasi moja, andika yale maneno manne kama anavyoyatamka, na pembeni yake anamaanisha nini. Andika pia anavyoomba bila maneno: anakuvuta mkono, anakuletea kikombe. Andika kinachomtuliza na kinachomliza. Mrekodi kwa simu akicheza na ndugu zake, dakika mbili zinatosha. Nenda navyo vyote siku ya kumpima.

Sasa mkutano mkubwa. Texas wanauita ARD, na ndipo IEP inapoandikwa. Utakuta meza imejaa: mwalimu wa kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa wilaya ya shule, mtu wa kueleza majibu ya vipimo, pengine na mtaalamu wa usemi. Wote wana kompyuta mbele yao na wote wanatabasamu. Wewe pia ni mjumbe kamili wa meza hiyo, kisheria, si mgeni aliyekaribishwa kusikiliza.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nimelelewa Tanga, kwetu mwalimu akisema unaitikia. Wakasoma, nikaitikia. Wakauliza kama nina swali, nikasema hapana, ahsanteni sana, nikatia saini. Nyumbani mwanangu alikuwa akipata saa nzima ya tiba ya usemi kila wiki. Niliyoyatilia saini yalikuwa dakika 30, tena akiwa katikati ya kundi la watoto wanne. Hakuna aliyenidanganya, iliandikwa pale pale. Kila nilipotikisa kichwa kumheshimu anayesema, wao walielewa nimekubali. Nikangoja mkutano wa mwaka uliofuata, kwa kuwa sikujua kwamba mzazi anaweza kuomba mkutano mwingine wakati wowote.

Basi wewe usitie saini kwa adabu. Omba rasimu na ripoti ya vipimo siku kadhaa kabla. Muulize dada wa Jumanne, kwa maoni yake, mtoto anahitaji nini na kwa muda gani, na umwombe aje kwenye mkutano. ECI inaweza kualikwa ukitaka, na mwaliko huo ni wa kuomba wewe. Wakitaja tiba, uliza dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, peke yake au kundini, na nani ataitoa. Usipokubaliana nao useme, tena wanapaswa kukupa nafasi ya kusimamisha kikao kwa muda usiozidi siku 10 za shule ili mkafikiri. Na kumbuka saini ni mbili tofauti: ya kumpima, na ya kuanza huduma. Kukubali ya kwanza hakukufungi kwa ya pili.

Mkalimani ni haki yako na hulipi. Muombe mapema kwa maandishi, na uandike Kiswahili cha Kongo, maana mtu wa Lamu na mtu wa Uvira wanaweza kupishana kwenye neno moja likaharibu sentensi nzima. (Niliwahi kuona mama mmoja akiletewa mkalimani wa Kisomali. Wote wawili walicheka, lakini mkutano uliahirishwa wiki tatu.) Mtoto wako mkubwa asikalimani. Mtoto hapaswi kubeba maneno ya wakubwa kuhusu mdogo wake.

Nepi si sababu ya kumkatalia. Kujifunza choo kunaweza kuandikwa ndani ya IEP kama lengo. Huduma zilizomo kwenye IEP hulipii hata senti, tofauti na ECI ambako baadhi ya familia huchangia kulingana na kipato.

Basi la manjano: si lazima. Unaweza kumpeleka mwenyewe. Ukiona unalihitaji, liandikwe kwenye IEP, pamoja na kiti kinachomfunga vizuri na nani atampokea mlangoni. Usiku ule kabla ya safari ya kwanza sikulala. Asubuhi mwanangu alipanda bila kugeuka nyuma, nami nikabaki barabarani na mfuko wa vitafunwa aliousahau.

Na si lazima liwe darasa la watoto wenye ulemavu watupu. Sheria inataka awe na watoto wengine kadiri inavyomfaa. Uliza kuhusu Head Start iliyo karibu nanyi, yaani shule ya awali ya serikali kuu kwa familia za kipato kidogo: mpango huo unatakiwa kutenga angalau nafasi 10 katika kila 100 kwa watoto kama wako, na shule inaweza kumfuata huko kwa tiba ya usemi.

Sasa baba yake. Usibishane naye kuhusu kama watoto wa kiume huchelewa, utabishana mpaka Oktoba. Mwambie hivi: shule ya miaka mitatu si ya lazima, mkikataa hakuna atakayewashitaki. Lakini ECI itakoma tarehe 14 kwa vyovyote vile, na mkikaa nyumbani hakuna Jumanne tena. Mkibadili mawazo Februari, kupimwa kutaanza upya huku mtoto anangoja. Kisha mpeleke akaone darasa lenyewe kabla ya kuamua, akae nyuma nusu saa. Mume wangu alirudi nyumbani akiuliza kwa nini hatukwenda mapema. Na mkikwama, Texas kuna Partners Resource Network, wanaowasaidia wazazi kuelewa makaratasi haya bila malipo.

*Bi Shangazi, salamu. Mimi ni baba, niko Kilifi. Binti yangu ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Kila wiki mbili tunampeleka hospitalini kwa mazoezi ya viungo, na sasa anasimama kwa kushika meza. Mwalimu wa chekechea ya jirani asema tungoje mpaka atembee. Tungoje?*

Msingoje, baba. Miaka minne ndiyo ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa binti yako haki ya kuingia shule zilizo ndani ya jamii. Lakini usianze kwa kumsomea mwalimu katiba.

Huko kwenu hakuna tarehe inayomtoa mtoto mikononi mwa hospitali na kumkabidhi shuleni, kwa hiyo karatasi zake hazitembei zenyewe. Mwombe mtaalamu wa viungo aandike kwa lugha nyepesi binti anaweza nini, anabebwaje, na asikalishweje. Uichukue barua hiyo uende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulizie kituo cha EARC. Vituo hivyo vipo Kenya tangu 1984, na kazi yao ni kumtathmini mtoto na kushauri kwa maandishi aende shule gani na kwa msaada gani.

Mwalimu akisema "mpaka atembee", mara nyingi anachoogopa ni mtoto kuanguka mikononi mwake akiwa na wengine arobaini. Kwa hiyo mwombe yule wa viungo vipimo vya kiti chenye mgongo, kingo za pembeni na mkanda, umpe fundi seremala wa mtaani. Kiti kitangulie darasani siku mbili kabla ya binti, mwalimu akione kwa macho yake na kukikalia, na wewe umwonyeshe mkanda unavyofungwa.