Riwaya ya Palestina Mezani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kikundi chetu cha usomaji kinasoma riwaya ya mwandishi wa Kipalestina Adania Shibli, Minor Detail, lakini kila tukikutana mazungumzo huhamia kwenye habari za vita, na kitabu hubaki mezani bila kufunguliwa. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, siasa hamwezi kuifungia nje, kwa kuwa riwaya hii, iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2017, inaanzia jangwa la Negev mwezi Agosti 1949, ambako askari wa Israeli wanambaka na kumuua msichana wa Kibedui. Hata hivyo, anzeni na kurasa zenyewe. Sehemu ya kwanza inamfuata ofisa wa askari hao anayenawa mwili kila mara, kwa lugha kavu isiyoingia moyoni mwa mtu yeyote. Ya pili inasimuliwa na mwanamke wa Ramallah, mji wa Kipalestina, anayeendesha gari la kukodi ili kuchunguza kisa hicho miaka mingi baadaye, akilinganisha ramani ya sasa na ile ya kabla ya 1948, mwaka Israeli ilipoundwa, yenye vijiji ambavyo havipo tena. Mmoja wenu asome kwa sauti ukurasa wa ofisa, mwingine wa mwanamke, kisha mwulizane kwa nini mbwa anabweka katika sehemu zote mbili. Mimi swali hilo lilinimaliza jioni nzima, chai ikapoa.