Njia za baiskeli Tabora: nani alipe?

Ndugu, unauliza manispaa itoe wapi hela za njia za baiskeli. Swali la kwanza ni barabara ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), za mitaani ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na zote zinakula Mfuko wa Barabara, yaani tozo ya mafuta. Tangu Julai 2021 kuna shilingi 100 ya ziada kwa lita kwa ajili ya TARURA. Mwenye baiskeli akipanda bodaboda kwenda Kitete, naye kachangia.

Kinachopandisha gharama ni kuja kuongeza njia baadaye: kuvunja mtaro, kuhamisha nguzo. Ikichorwa mapema kwenye usanifu wa lami mpya, ni ukingo wa zege tu na upana kidogo. Seville, Hispania, walianza 2006 wakajenga mtandao mzima kwa miaka michache, wakiutenga na magari kwa ukingo.

Mstari wa rangi usiukubali. Utageuka kijiwe cha bodaboda na meza za maembe kabla haujakauka.

Mbane diwani wako kabla bajeti haijapita. Julai mwaka mpya wa fedha unaanza.