Mashairi ya roki yakisikilizwa Kigoma: tafsiri ni ya nani?

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza mambo mawili. La kwanza ni iwapo msikilizaji wa Kigoma ana haki ya kuufasiri wimbo wa roki kwa maisha yake mwenyewe, hali mtunzi amekwisha kueleza alichokusudia. La pili ni iwapo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen unahusu mwimbaji wake, Freddie Mercury, kuikimbia Zanzibar. Mchangiaji mmoja amekujibu kwamba nyimbo hizi ni za kishetani na hazistahili kufasiriwa kabisa. Nimezisikiliza tangu enzi za kanda, nikiwa kijana wa Mwanga hapa mjini, na kwa kuwa ni jambo ninalolipenda na kulifikiria kwa muda mrefu, naomba mnivumilie nijibu kwa urefu.

Msimamo wangu ni kwamba haki ya kufasiri unayo, tena kamili, ila ni lazima uitumie ndani ya maneno ya wimbo wenyewe. Maelezo ya mtunzi ni ushahidi mzito kuhusu chimbuko la wimbo, lakini hayamzuii msikilizaji kuona kilichomo ndani ya beti ambacho mtunzi hakukitaja. Hisia zako nazo ni ushahidi kuhusu wewe peke yako, mpaka utakapoonyesha ni ubeti gani unaozibeba. Waliokulia penye taarabu wanaijua kazi hii vizuri kuliko wanavyodhani: anayesimama na kudai kwamba fumbo limemlenga yeye huulizwa papo hapo, kwa neno lipi? Swali hilo hilo ndilo ninalolipeleka kwenye roki, na silioni kuwa dogo.

Nianze na "Smoke on the Water" wa Deep Purple, kwa sababu chimbuko lake linajulikana pasipo ubishi. Desemba 1971 bendi hiyo ilikuwa Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva, ikijiandaa kurekodi albamu katika jumba la kasino la mji huo. Tarehe 4 ya mwezi huo, wakati Frank Zappa na bendi yake wakitumbuiza ndani ya jumba, mtu mmoja miongoni mwa watazamaji alifyatua fataki kuelekea darini. Moto ukashika na jumba zima likateketea, ingawa hakuna aliyekufa. Moshi ulitanda juu ya ziwa, na hapo ndipo lilipotoka jina la wimbo. Mashairi yake yanayaeleza hayo karibu kama yalivyotokea: mahali, sababu ya moto, mtu aliyekuwa akiingia na kutoka mbio akiwaokoa vijana, kisha hoteli tupu yenye baridi ambamo bendi ilipata hatimaye pa kufanyia kazi. Albamu hiyo, *Machine Head*, ilitoka mwaka 1972.

Akishayajua hayo, mtu anaweza kusema kwamba hakuna cha kufasiri tena, kwa kuwa wimbo ni taarifa ya moto na basi. Mimi hukubali kwamba ni taarifa, na naamini nguvu yake yote imo humo. Sikilizeni jinsi mwimbaji wa bendi, Ian Gillan, anavyoziimba beti zile: halii, wala hatafuti maneno makubwa. Anataja walikokwenda, walichokwenda kufanya, jinsi mambo yalivyoharibika, nani alisaidia, na kazi ikafanyika wapi. Hata kiitikio hakitaji hisia yoyote. Kinataja vitu viwili vilivyoonekana kwa macho, moshi juu ya maji na moto angani. Mwishoni kabisa ndipo anaposema kwamba lolote watakalolipata kutokana na mkasa ule, kuusahau hawatausahau.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunaifahamu namna hiyo ya kusimulia. Vita vya mwaka 1996 ng'ambo, nchi ile ikiwa bado inaitwa Zaire, vilileta maelfu ya watu kwa maboti na mitumbwi hadi fukwe zetu. Mei 2015 ikawa zamu ya Warundi. Makumi ya maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji karibu na mpaka, na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma kwa awamu. Walifikia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, na kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia kati yao. Nilikuwa miongoni mwa wenyeji waliokwenda pale uwanjani na ndoo za uji, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hatukuhitaji mkalimani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitajia kwa mpangilio vijiji vyote alivyopitia, zao alilokuwa ameliacha shambani, mwenye mtumbwi aliyemvusha mto, na mzee aliyempa maji ya kunywa. Aliyasema yote kwa sauti ya kawaida kabisa. Wengine niliowasikiliza siku zile walisimulia vivyo hivyo, kama mtu anayekabidhi orodha ya mali asiyotaka ipungue hata kitu kimoja.

Tangu wakati ule wimbo huo naupokea kama ushuhuda wa watu waliopoteza mahali pao, wanaoushikilia mpangilio wa mambo kwa sababu ndio walichobaki nacho mkononi. Sidai kwamba Deep Purple waliwaimba wakimbizi. Wanamuziki waliokosa ukumbi wa kurekodia hawawezi kulinganishwa na mama aliyeacha nyumba na makaburi ya wazee wake, na ningeona haya kuandika hivyo. Ninachodai ni kidogo, nacho naweza kukionyesha: umbo la usimulizi ni lile lile, na umbo hilo ndilo linaloufanya wimbo uwe na uzito kuliko kisa chake. Anayetaka kunipinga aende kwenye beti anionyeshe mahali mwimbaji anapoacha kusimulia na kuanza kulalamika. Inanisikitisha kwamba wengi wetu huishia kwenye ule mpigo wa gitaa wa Ritchie Blackmore, ambao kila kijana anayejifunza gitaa huanza nao, na maneno hawayafikii kamwe.

Mfano wa pili unanipeleka Tabora. "Sultans of Swing" wa Dire Straits, uliotoka mwaka 1978, Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliutunga baada ya kuiona bendi ya jazi ikipiga katika baa isiyokuwa na watu wengi jijini London, na kiongozi wa bendi kujitambulisha kwa jina hilo la kifahari. Wapo wanaousikia wimbo huo kama masikitiko juu ya watu walioshindwa kimuziki. Mimi siusikii hivyo hata kidogo, na sababu mojawapo ni mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa reli pale Tabora siku za kazi na mpiga gitaa la rithim, lile la kushikilia mdundo, katika bendi ndogo ya dansi mwisho wa juma. Tabora, kama wakubwa wenzangu humu mnavyojua, ulikuwa mji wa dansi hasa: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ni majina ambayo huwezi kuuandika muziki wa nchi hii bila kuyataja. Bendi ya mjomba haikufika huko. Ilipiga kwenye kumbi ambazo usiku mwingine wanamuziki waliwazidi wachezaji kwa idadi, na nikiwa likizoni nilikaa pembeni ya jukwaa nikiwatazama.

Sasa tazameni wimbo unavyowasema watu wake. Yumo Harry, mwenye kazi yake ya mchana na maisha yanayokwenda vizuri, ambaye hajali kama hatapata jina; muziki ameuweka akiba kwa ajili ya Ijumaa usiku. Yumo George, anayezijua kodi (chords) zote za gitaa lakini anashika rithim peke yake, hataki kulifanya gitaa lilie wala liimbe. Wamo na vijana pembeni, wamevaa kwa mtindo wa wakati ule, ambao bendi ya tarumbeta haiwahusu. Ni katika ubeti gani mtunzi anawaonea huruma wapigaji? Mimi sijauona. Anawahesabu mmoja mmoja kwa heshima, kila mtu na kazi yake, na kengele ya kufunga baa inapolia kiongozi anasogea kwenye maikrofoni na kuaga kwa jina kamili la bendi, mbele ya watu wachache waliosalia.

Tena huyo George ana maana kubwa kwa mtu aliyelelewa na muziki wa dansi. Kwetu mpiga solo ndiye anayeshangiliwa na kutuzwa fedha jukwaani, lakini rithim ikiyumba, wachezaji wanasimama. Mjomba alikuwa akisema kwamba yeye kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu ukumbini anayemkumbuka. Knopfler mwenyewe ni mpiga solo hodari, na katika wimbo huo huo solo yake ndiyo inayosifiwa dunia nzima. Kwamba mtu wa namna hiyo alimpa heshima mpiga rithim kwa jina, na kumsifu hasa kwa kile anachokataa kukifanya, kwangu ni alama ya mtu aliyeitazama bendi ile kwa jicho la fundi mwenzake.

Kuhusu ushetani nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hoja yenyewe ni nyepesi. Wimbo unaotajwa kila mara ni "Hotel California" wa bendi ya Eagles, kutoka albamu ya jina hilo ya mwaka 1976. Nakubali kwamba mchangiaji ana maneno ya kushika: msafiri anajiuliza kama mahali alipofika ni peponi au motoni, na baadaye wenyeji wanamchoma visu mnyama wasiyeweza kumuua. Lakini kati ya hayo mawili kuna mwanamke anayesema waziwazi kwamba wote waliomo humo ni wafungwa kwa matendo yao wenyewe. Ubeti huo unamwondolea shetani kesi yote. Don Henley, mmoja wa watunzi watatu, ameueleza wimbo kuwa ni safari ya kutoka katika hali ya kutojua kwenda katika kuyajua ya dunia, na maneno yanakubaliana naye. Mimi humwona yule mnyama kuwa ni uraibu, wa pombe, wa fedha au wa sifa, kwa sababu wanaomchoma visu ni wale wale waliokusanyika kwa karamu. Nimewaona watu wa namna hiyo karibu na nyumbani, na hawakuhitaji kwenda Marekani.

Nakuja kwenye swali la Zanzibar, ambalo najua ndilo lililokuleta. Ukweli wa maisha unaujua: Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi, akasomeshwa shule ya bweni nchini India tangu akiwa mtoto, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. "Bohemian Rhapsody" ulitoka mwaka 1975, na yeye alikataa kuufafanua hadi alipofariki mwaka 1991. Kwa Mtanzania, kishawishi cha kuyaunganisha hayo ni kikubwa, na ukisikia "Bismillah" ikiitwa katikati ya wimbo wa roki wa Kiingereza, moyo unaruka.

Hata hivyo, uweke wimbo mbele ya swali lile la taarabu: kwa neno lipi? Anayesema ndani yake ni kijana anayemwambia mama yake kwamba ameua mtu na ameyatupa maisha yake yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza. Kisha inakuja ile sehemu ya opera, ambayo naisikia kama baraza la hukumu: sauti nyingi zinabishana juu yake, moja inaomba aachiwe, nyingine inakataa. Halafu anageuka kwa hasira dhidi ya wanaotaka kumpiga mawe, na mwisho hasira inaisha, anabaki akisema hakuna chenye maana kwake. Aliyekimbia machafuko hana kosa la kuungama. Kosa ni la waliomkimbiza. Wimbo huu umeanza na maungamo, na mzigo wa hatia haumtoki mwimbaji mpaka mwisho. Hapo ndipo tafsiri ya kuikimbia Zanzibar inaponishinda kuikubali, ingawa ningefurahi sana kuikubali.

Kama kuna mlango, mimi ningeutafuta kwa mama. Mtoto aliyepelekwa bwenini ng'ambo ya bahari akiwa mdogo anakijua kilio cha kuaga, na anayeaga ndani ya wimbo anamwambia mama aendelee na maisha kama kawaida hata kama yeye hatarudi kesho. Ubeti huo una uwezo wa kuubeba utengano ule wa mapema. Siwezi kusema zaidi ya kwamba una uwezo. Wewe uliyeuliza, kama unao mstari mwingine unaoona unaibeba Zanzibar yenyewe, na hasa mwaka 1964, uandike hapa pamoja na sababu zako. Nitausikiliza wimbo upya nikiwa na mstari huo mkononi, kisha nitakujibu.