Ukihoji Waliobaki Tu, Utarudi na Hadithi ya Waliobaki

Msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, ukurasa ni uleule. Mada: mambo yanayochangia mafanikio katika kazi ya kitaaluma. Sampuli: maprofesa 20, waliochaguliwa kwa makusudi. Zana: mwongozo wa mahojiano wenye maswali 12, na la kwanza ni "Nini siri ya mafanikio yako?" Wadogo zetu, tunawapenda, na tunataka siku ya utetezi wa tasnifu msimame wima. Lakini ukurasa huu umetuchosha. Makosa yaliyomo si mapya. Waliowatangulia waliyafanya, wakayachapisha, na mengine bado yanafundishwa darasani kana kwamba ni matokeo. Someni haya kabla hamjapiga hodi kwenye mlango wa profesa yeyote.

1. Msiwahoji waliobaki peke yao.

Hili ndilo kosa mama, na litachukua nafasi kubwa kuliko mengine yote. Chukua rika moja la wahitimu 100 wa uzamivu. Tuseme 80 walikuwa wakifanya kazi hadi Jumamosi na Jumapili, na 20 walipumzika. Miaka kumi baadaye, 16 katika wale 80 wana ajira ya kudumu chuoni, na 4 katika wale 20 nao wanayo. Piga hesabu: 16 kwa 80 ni asilimia 20, na 4 kwa 20 ni asilimia 20 vilevile. Kujinyima mapumziko hakukumwongezea mtu nafasi hata kidogo. Sasa anakuja mtafiti mchanga, anawahoji wale 20 waliobaki, na 16 wanamwambia walijinyima. Anarudi na asilimia 80 mkononi, anaandika sura ya nne, ile ya matokeo, na kichwa kidogo kinasema bidii ya ziada ndiyo nguzo ya mafanikio. Hakughushi chochote. Kila mhojiwa alisema kweli. Hitimisho ni la uongo kwa sababu wale 64 waliojinyima vilevile kisha wakaondoka, hakuna aliyewauliza.

Sisi wa fani hii ya kuchunguza kazi ya kitaaluma tuungame: kosa hili tumelifanya kwa miaka mingi, na hatukulifanya kwa kutojua takwimu. Tulilifanya kwa sababu ni rahisi. Aliyebaki ana mlango wenye jina lake, ana ukurasa kwenye tovuti ya idara, barua pepe yake inajibiwa. Aliyeondoka, anwani yake ya chuo ilifungwa mkataba ulipokwisha. Tena aliyebaki hadithi yake ameshaipanga. Ameiandika kwenye maombi ya kupandishwa cheo, ameirudia kwenye maombi ya fedha za mradi, ameitoa kwenye mhadhara wake wa uprofesa. Ukiwasha kinasa sauti inatoka imenyooka: nilikuwa na swali, nikalifuata, milango ikafunguka. Nukuu ni tamu, msimamizi anazipenda, na mtafiti haoni kwamba bahati imeshapigwa pasi hadi ikatoweka.

Wapo wachache waliokataa kuipiga pasi. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, akizungumza na wanafunzi mjini Munich mwaka 1917, alisema bila kuficha kwamba katika kazi ya chuo bahati ina sehemu kubwa mno, na kwamba yeye mwenyewe aliupata uprofesa akiwa kijana sana kwa mambo ya kubahatisha, katika somo ambalo watu wa umri wake walikuwa wameshafanya mengi kuliko yeye. Ni nadra kumsikia aliyefika akisema hivyo. Mtu kama huyo akiingia kwenye sampuli yako, usimweke pembeni kwa kuwa jibu lake haliingii kwenye mada ulizokwisha kusimba, yaani makundi uliyoyapa majibu alama.

Kinachouma zaidi ni yanayofuata baada ya kuchapisha. Matokeo ya waliobaki yanageuzwa kuwa warsha za mbinu za kufaulu, warsha zinageuzwa kuwa vigezo vya idara, na yule aliyeondoka baada ya mikataba minne ya muda anasoma kwamba alikosa bidii. Tumemwongezea mzigo mtu ambaye hatukuwahi hata kumpigia simu.

Msidhani dawa ni kuwageukia walioondoka na kupokea kila neno lao. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alieleza jinsi vyuo vya miaka miwili nchini Marekani vilivyokuwa vikiwapoza wanafunzi polepole, kwa mitihani ya kupima uwezo, vikao vya ushauri na njia mbadala, hadi matamanio yao yashuke na wao wenyewe waone kushuka huko ni uamuzi wao. Kazi ya chuo nayo inapoza. Aliyeondoka atakwambia "niliamua," na pengine ni kweli, ila muulize uamuzi huo ulikuja miezi mingapi kabla au baada ya barua ya kutoongezewa mkataba. Aliyebaki anasimulia uwezo, aliyeondoka anasimulia hiari. Hadithi zote mbili zimepikwa na taasisi ileile.

Basi fanya hivi. Anza na rika, usianze na watu unaowafahamu. Chukua vitabu vya mahafali vya miaka miwili, mmoja wa takriban miaka 10 iliyopita na mwingine wa takriban 20, uandike kila jina la mhitimu wa uzamivu kabla hujamtafuta hata mmoja. Kisha linganisha na orodha ya tasnifu za maktaba, kwa sababu vitabu vya mahafali huruka waliomaliza nje ya msimu. Mtafute kila mmoja kwa njia tatu: mtandaoni, kwa msimamizi wake, na kwa waliosoma naye. Ukurasa wa shukrani wa tasnifu ni hazina ambayo wengi hawaifungui. Humo mna majina ya wanafunzi wenzake, mfadhili, mara nyingine hata mwenzi wake. Na hapa kuna mtego: wanawake hupotea zaidi kwenye ufuatiliaji kwa kuwa baadhi yao hubadilisha jina la ukoo baada ya ndoa. Usipotafuta kwa majina yote mawili, utaandika kwamba wanawake "hawakupatikana," na msomaji atadhani wameacha kazi.

Gawa orodha katika mafungu matatu: waliohojiwa, waliokataa, wasiopatikana. Taja idadi ya kila fungu. Asiyepatikana usimjazie nafasi kwa mtu aliye karibu, maana huyo aliye karibu kwa kawaida ni aliyebaki, na hapo umerudi palepale ulipoanzia.

2. Jenga kalenda kabla ya kuuliza maoni.

Wasifu wa kazi huficha. Mstari unaosema "2014–2016, mtafiti" unaweza kuwa Januari 2014 hadi Desemba 2016, yaani miezi 36, au Desemba 2014 hadi Januari 2016, yaani miezi 14. Tofauti ni miezi 22, na ndani ya miezi hiyo ndimo mna kulea, kuuguza mzazi, kufundisha kwa malipo ya saa, au kukaa bila kipato. Chora jedwali la safu saba: mwezi wa kuanza, mwezi wa kuisha, mwajiri, aina ya mkataba, asilimia ya muda wa kazi, nani analipa, na kilichofuata. Lijazeni pamoja na mhojiwa, wasifu ukiwa mezani, kwa dakika 30 hadi 40 za mwanzo. Ukiona pengo, usiulize "kwa nini?" Uliza "mwezi huo ulikuwa unaishi wapi?" Majibu yatakuja yenyewe. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1975 kwamba saa ya kazi ya chuo imepangwa kwa mtu mwenye mke nyumbani, na kwamba miaka ya kujenga jina huangukia juu ya miaka ya kuzaa. Jambo hilo hulioni kwenye wasifu. Kwenye kalenda linaonekana wazi.

3. Simba mkataba, usisimbe cheo.

Mnaweka vyeo vya nchi tatu kwenye safu moja kisha mnashangaa takwimu hazisomeki. Nchini Ufaransa maître de conférences ni mtumishi wa umma mwenye ajira ya kudumu. Nchini Marekani profesa msaidizi aliye kwenye njia ya ajira ya kudumu bado yuko kwenye majaribio, na tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa huko liliweka ukomo wa majaribio hayo kuwa miaka 7. Nchini Ujerumani sheria ya mwaka 2007 inaruhusu mikataba ya muda ya miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake, na mwaka 2021 watafiti wengi wa huko waliieleza hadharani hali yao ya kuishi hivyo. Swali la dodoso liwe "mkataba wako una tarehe ya kwisha?" Ndiyo au hapana, na kama ndiyo, lini.

4. Nyaraka za wakati ule zina uzito kuliko kumbukumbu.

Christine Wennerås na Agnes Wold walitaka kujua jinsi baraza la utafiti wa tiba la Sweden lilivyogawa nafasi za utafiti baada ya uzamivu. Hawakuwauliza wahakiki kama wanapendelea, nani angekubali? Walidai alama zenyewe, wakafika hadi mahakamani ndipo wakazipata. Waombaji walikuwa 114, wanawake 52 na wanaume 62. Nafasi zilikuwa 20, wanaume wakapata 16 na wanawake 4. Walipolinganisha alama na machapisho, mwaka 1997 waliandika kwamba mwanamke alihitaji tija takriban mara 2.5 ya mwanamume ili ahesabiwe kuwa na umahiri sawa, na kwamba kujuana na mjumbe wa kamati kulimwongezea mwombaji alama. Kwa hiyo kumbukumbu za vikao, barua za ajira, matangazo ya kazi na alama za usaili ombeni mapema, kwa maandishi, mkitaja kifungu cha kanuni kinachowaruhusu. Majibu huchelewa, na mkisubiri hadi mwaka wa mwisho hamtayapata.

5. Mkitaja athari ya Mathayo, itajeni yote.

Mwanasosholojia Robert Merton aliipa jina mwaka 1968, kutokana na aya ya Injili isemayo mwenye nacho ataongezewa: sifa ya kazi iliyofanywa na wengi humwendea yule ambaye tayari ana jina. Mnainukuu vizuri. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wa makala ile ilitoka kwenye mahojiano ya Harriet Zuckerman na washindi wa tuzo ya Nobel, na jina lililokaa juu ya makala ni moja tu. Baadaye Merton mwenyewe aliandika kwamba ilipaswa kutoka kwa majina ya wote wawili. Makala iliyoeleza jinsi sifa inavyomfuata mwenye jina, nayo sifa yake ikamfuata mwenye jina. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter aliupa upande wa wanawake, ambao sifa ya kazi yao huwaendea wanaume, jina la athari ya Matilda. Mfano mmoja mnaujua: mwanafizikia Lise Meitner alikuwa mshirika wa miaka mingi wa mkemia Otto Hahn, akalazimika kukimbia Ujerumani mwaka 1938, na tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 kwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomu akapewa Hahn peke yake. Mkiandika athari ya Mathayo bila Zuckerman, mnairudia.

Na faida hii haimwendei mtu peke yake, huviendea vyuo pia. Utafiti wa mwaka 2015 wa Aaron Clauset na wenzake, kwenye sayansi ya kompyuta, biashara na historia, ulikuta robo ya vyuo ndiyo inayozalisha asilimia 71 hadi 86 ya wanataaluma walio kwenye njia ya ajira ya kudumu. Ongeza safu ya chuo cha uzamivu kwenye jedwali lako leo.

6. Neno habitasi, yaani mazoea na mielekeo ambayo mtu hujengewa na malezi na mazingira yake, lisiwe kapu la kila kitu. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu, mwenye neno hilo, alikusanya data za maprofesa wa Ufaransa: kazi ya baba, shule walizopita, vyeo, kamati. Kama hukuuliza kazi halisi ya mzazi (si "tabaka la kati", andika "fundi bomba," "karani wa mahakama"), huna cha kuita mtaji wa kitamaduni, yaani elimu, lugha na mazoea anayorithi mtu nyumbani.

7. Viwango vya mwanasosholojia Martin Trow vya mwaka 1973, asilimia 15 na 50, vinavyotenganisha elimu ya juu ya wachache, ya wengi na ya karibu wote, ni vya rika la umri wa kusoma chuo, si vya wananchi wote.

8. Kuficha majina si kubadilisha jina tu.

"Mhojiwa wa 7, mwanamke, profesa wa somo fulani, alisoma nje, ana watoto wawili." Katika fani yenye watu 30, mmemtaja. Punguzeni alama za utambulisho ziwe mbili kwa kila nukuu, somo liandikwe kwa kundi (sayansi za jamii, uhandisi), miaka iwe ya vipindi vya mitano. Faili la majina likae mbali na la mahojiano, kwenye kifaa kingine. Kwa walioondoka kuweni waangalifu zaidi. Wengi mtawadhania wako huru kusema lolote, kumbe bado wanahitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa msimamizi yuleyule waliyewatajia. Kabla hujakabidhi tasnifu, mtumie kila mmoja aya zenye maneno yake, mpe wiki mbili, na akisema mstari fulani utoke, utoe.