Buli la Sèvres lenye herufi H: angalia pengo kabla ya alama

Mkuu, umeuliza kama buli uliloonyeshwa, lenye L mbili zilizopishana na herufi H katikati, ni la Sèvres, kiwanda cha kauri cha Ufaransa, la 1760 kweli, maana muuzaji anaapa. Mimi la namna hiyo hiyo lilinitoa euro 180 Paris miaka sita iliyopita. Nilipigwa.

Hesabu ya muuzaji iko sawa. Sèvres waliandika mwaka kwa herufi, wakianza na A mwaka 1753, kwa hiyo H inaangukia 1760. Shida ni kwamba waigaji nao wanaijua hesabu hiyo, na karne ya 19 waliinakili alama hiyo kupita kiasi.

Kilichoniumbua ni pengo. Mdomo wa buli ulimeguka kidogo, kiasi cha punje ya mchele, nami nikashangilia kupunguziwa bei. Jirani yangu, bibi aliyeuza vitu vya kale maisha yake yote, akalipeleka dirishani, akachungulia pale palipomeguka: peupe pe, laini, panang'aa kama kioo kilichovunjika. Akacheka. Pengo la namna hiyo ni la kauri ngumu, nayo haiwezekani bila kaolini, udongo mweupe, na Wafaransa kaolini yao waliipata Saint-Yrieix, karibu na mji wa Limoges, mnamo 1768. Buli la 1760 lingekuwa la kauri laini: pengo lenye rangi ya krimu na chembechembe kama donge la sukari, na maua yamezama ndani ya utando unaong'aa. Ya kwangu ukipitisha ukucha unayasikia yamekaa juu.

Hata ukikuta kauri laini, tulia kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 19 kiwanda kiliuza akiba yake ya vyombo vyeupe, vikapambwa na mafundi wa nje. Chombo cha kweli, maua ya uongo.

Kifuniko nacho kiweke juani pamoja na tumbo. Changu ni cheupe cha maziwa, tumbo lina ubuluu wa mbali. Hao hawakuzaliwa pamoja.

Kama ndiyo unaanza, tafuta vyombo vya Haviland, kiwanda cha Limoges. Bei zake zinavumilika. Alama ya kijani chini ya utando ni ya kiwanda, ya juu ya utando ni ya waliopamba. Ukiona neno "France", mara nyingi ni la 1891 kuja huku, Marekani ilipoanza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka.

Ukirudi kwa muuzaji, achana na picha ya alama. Nipigie picha ya duara la kitako, pale pasipo na utando, na mdomo kwa karibu.