Maswali ya wasomaji: Mkongo umefika pwani, huduma mbona haijafika Buza?

Barua za mwezi huu nyingi zimeangukia sehemu moja, hii mipango mikubwa ya kidijitali tunayoisikia kila siku na maisha yetu huku mitaani. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu, nyingine mtanisamehe nimezijibu kifupi.

Mambo vipi kaka. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar, nakaa Tabata Segerea. Nimepewa kazi ya kuandika kuhusu mikakati ya kukuza mitandao, huduma za kidijitali na jamii ya maarifa. Nimesoma makaratasi mpaka kichwa kinauma, yote naona yanaongea lugha moja. Hivi hivyo vitu vitatu si ni kimoja tu? Na mkakati mzuri nautambuaje?

Poa mdogo wangu. Sio kimoja, na ukivichanganya ndo unajikuta umejaza kurasa 20 hazisemi kitu. Mtandao ni njia, yaani mkongo (zile nyaya za kupitisha data), minara, laini, na umeme wa kuwasha huo mnara. Huduma ni kile unachokipata ukishapita kwenye hiyo njia, kulipa bili ya maji, kuomba leseni, kuangalia matokeo ya mtoto. Jamii ya maarifa ni habari nyingine kabisa, hapo tunauliza watu wenyewe wamekuwaje baada ya hivyo viwili kufika, je wanajua zaidi, wanaweza kuhoji, wanaweza kutengeneza vya kwao. Dunia ilikaa vikao viwili vikubwa vya haya mambo, Geneva 2003 na Tunis 2005, na mwaka huohuo wa 2005 UNESCO wakatoa ripoti yao ya jamii za maarifa. Wao wanasimamia nguzo nne: uhuru wa kujieleza, taarifa kuwafikia wote, kuheshimu tamaduni na lugha za watu, na elimu bora kwa kila mtu. Angalia hapo, hakuna mnara hata mmoja.

Sisi hapa kwa upande wa njia tumejitahidi na lazima tuseme. Sera ya kwanza ya TEHAMA ni ya 2003, ikaja nyingine 2016, na sasa kuna mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 mpaka 2034. Nyaya za baharini zilitua hapa hapa Dar, SEACOM 2009, EASSy 2010, na mkongo wa taifa wenyewe ulianza kujengwa 2009. Sasa ukishika mkakati wowote, wa nchi au wa halmashauri, kimbilia kwanza pale wanapoandika watapima vipi mafanikio. Ukikuta wanahesabu kilomita za nyaya na idadi ya mifumo iliyozinduliwa, hapo wanapima kazi yao wenyewe. Ukikuta wanahesabu watu waliomaliza shida zao, mama wa Buza kaomba leseni ya duka lake kaipata bila kumlipa mtu wa katikati, huo ushike vizuri maana ni wachache.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Kontrol namba, ule mfumo wa malipo ya serikali wa GePG ulioanza 2017, umeenea mpaka kwa bibi kijijini, na ukiuliza kwanini jibu halipo kwenye ufundi peke yake. Watu walikuwa wameshazoea kutuma pesa kwa simu tangu 2008, wakala yupo kila kona, kitochi kinatosha, kwahiyo serikali ilikuja ikapanda juu ya kitu ambacho mtu tayari anakijua, hakuna aliyeambiwa ajifunze upya wala akafungue akaunti kwenye tovuti asiyoijua. Mifumo mingi iliyofuata imesahau hilo somo na mimi linaniuma kweli.

Kwa nje waangalie Rwanda, walipanga kwa awamu za miaka mitano mitano, ya kwanza sheria na taasisi, ya pili miundombinu, ya tatu huduma, kila awamu na kazi yake. Alafu rudi nyumbani tena usome kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Chombo kilikuwa redio tu, lakini nyuma ya redio kulikuwa na vikundi vya kusoma, vijitabu kwa Kiswahili na viongozi wa vikundi waliofundishwa kabla kipindi hakijaanza kurushwa, na watu wazima karibu milioni 2 walishiriki, wakasikiliza, wakajadiliana, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwepo kabla, kilichoongezwa ni watu waliojipanga kuizunguka. Mimi ningekuwa wewe ningeijenga kazi nzima juu ya hilo.

Habari za kazi kaka. Nina steshenari yangu Mbagala Rangi Tatu, natoa kopi, naprint na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mikopo ya wanafunzi, maombi ya ajira, namba ya mlipa kodi, kila kitu. Wateja wengi hawana imeili, nawafungulia mimi, na paswedi zao naandika kwenye kaunta buku maana wakirudi huwa wamesahau. Juzi mtu kaniambia navunja sheria. Ni kweli? Mimi nasaidia tu.

Za kazi nzuri dada yangu, na asante sana kwa barua hii kwa sababu wewe ndo mtu ambae mikakati yote haimtaji. Ukweli ni kwamba huduma nyingi zinazoitwa za mtandaoni hapa mjini zinapita kwenye meza kama yako. Mtu anatoka kwake na bahasha ya vyeti, anapanga foleni, anakulipa, wewe unabofya. Kwenye ripoti anahesabiwa mtumiaji wa mfumo, wakati mfumo wenyewe hajauona, ameuona mgongo wa kompyuta yako.

Sasa sheria. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Inamgusa anaekusanya na kuchakata taarifa za watu, haisemi ni makampuni makubwa tu. Kwahiyo nenda kawaulize Tume wenyewe kuhusu biashara ya aina yako, hilo usilichukue kwangu wala kwa huyo mtu wa juzi. Ila kaunta buku dada yangu, hata sheria isingekuwepo, liondoe. Fikiria limeibiwa usiku mmoja tu, ndani kuna imeili ya kijana, paswedi yake, pengine na namba yake ya NIDA pembeni, na kupitia hiyo imeili mwizi anafika kwenye maombi yake ya mkopo mpaka kwenye akaunti zake nyingine. Na huyo kijana akitaka kumtafuta mchawi ataanza na wewe.

Fanya hivi. Imeili ifunguliwe kwenye simu ya mteja kama anayo, na namba ya kurudishia paswedi iwe yake, sio yako (najua wengi mnaweka za kwenu ili kazi iende haraka, na ndo maana mteja akihamia Mwanza anakwama). Paswedi aandike mwenyewe, wewe geuka pembeni, na akitaka kuihifadhi aandike kwenye karatasi yake akaiweke na vyeti vyake nyumbani. Kompyuta ikikuuliza kama iikumbuke paswedi, kataa. Jioni kabla hujafunga futa vyeti vyote ulivyoskani vikabaki pale kwenye desktopu, maana nimeona kompyuta za steshenari zina vitambulisho vya mtaa mzima vimepangana kwenye skrini na kila mteja anaekaa pale anavisoma majina.

Na hizo kopi zenyewe, hivi kwanini mtu askani cheti cha kuzaliwa kilekile mara tano kwa ofisi tano? Estonia wana mfumo unaitwa X-Road tangu 2001, kila taasisi inabaki na taarifa zake ila zinaulizana, na sheria yao inaikataza serikali kumuuliza mwananchi kitu ilichonacho tayari. Na sisi Mamlaka ya Serikali Mtandao wanao mfumo wa kuziunganisha taasisi, GovESB, kwahiyo ufundi upo. Kinachotakiwa ni ofisi zikubali kuacha kuomba kopi. Mimi nataka pia watu kama nyie mtambulike rasmi, mfundishwe, mpewe bei elekezi, kama mawakala wa pesa walivyo. Rwanda kwenye tovuti yao ya huduma za serikali, Irembo, wanao mawakala wa kumsaidia asiyeweza mwenyewe. Hakuna cha kutuzuia na sisi.

Kaka naomba unieleze, ile Mei 2024 intaneti ilipokata, kwanini hata vitu vya hapa hapa Bongo vilikuwa havifunguki? Waya si umekatika baharini huko mbali? (Dereva bodaboda, Mwenge)

Ndio ndugu yangu, tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na upande wa kaskazini nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeshaumia tangu miezi ya mwanzo ya mwaka uleule, kwahiyo njia ya kusini na ya kaskazini zote zikawa na shida. Kuhusu vya hapa hapa, programu nyingi tunazoziita za Bongo zimehifadhiwa kwenye seva za nje, yaani kompyuta kubwa za kutunzia data zilizopo nchi nyingine, au ukurasa upo Dar lakini kuna kipande chake lazima kiitwe kutoka Ulaya ndo ufunguke. Dar tunacho kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, ambapo data ya mtandao mmoja inaingia mtandao mwingine bila kutoka nje ya nchi, na kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama. Huduma za hospitali, malipo na shule zikihifadhiwa ndani kikamilifu, waya ukikatika utakosa video za nje ila mgonjwa atapata kadi yake. Mimi hili naliweka juu kuliko mnara mpya wowote hapa mjini.

Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu, Temeke. Tumeambiwa tupeleke mapendekezo kwenye kata ya jinsi mtaa utakavyoingia kwenye dunia ya kidijitali. Mwenzetu mmoja anataka tuombe kompyuta 10 tufungue kituo. Wewe unasemaje?

Marahaba. Kompyuta 10 zisiwe ombi la kwanza, nakuomba. Kabla ya kuomba chochote, mtafuteni kijana mmoja akae wiki mbili pale nje kwa mtendaji na daftari, kila anaeingia aulizwe kwa upole amefuata nini na amekwama wapi. Nadhani mtakuta vitu vilevile vinajirudia, barua ya utambulisho, namba ya NIDA, mambo ya mirathi, fomu ya dhamana, mtoto anaeomba chuo. Chukueni vitatu vinavyoongoza na pendekezo lenu lote liwe juu ya hivyo. Mtaa ukienda kwenye kata ukasema "watu wetu wengi wanakwama kwenye barua ya utambulisho, hii hapa orodha ya sababu" utasikilizwa tofauti na mtaa uliokuja na bei ya kompyuta.

Pili bando. Temeke mtandao upo, shida ni bei na kujua kutumia, tofauti na vijijini ambako ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote bado unahangaika na minara. Kuna kipimo cha Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi, kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya kipato cha mtu kwa mwezi. Wao wanatumia wastani wa nchi nzima, nyie fanyeni hesabu ya mtaani kwenu. Mtu anaepata laki na nusu kwa mwezi, asilimia 2 yake ni shilingi 3,000. Waulizeni watu wanatumia ngapi kweli, muandike hiyo namba kwenye pendekezo.

Na mkishafika kwenye kituo, kama bado mnakitaka, swali la kwanza liwe nani analipwa mshahara pale, la pili nani analipa umeme na intaneti mwezi wa nne baada ya mfadhili kuondoka. Kompyuta zinazofungiwa stoo kwa kukosa majibu ya hayo maswali mawili zipo nyingi sana nchi hii, shuleni hasa. Bora kompyuta mbili na dada mmoja anaelipwa, mwenye subira, anaeongea na wazee vizuri, kuliko 10 na kufuli. Sengerema kule Mwanza walikuwa na kituo cha jamii tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na wakakiwekea redio, mtu asiyeweza kufika wala kusoma akawa anapata taarifa akiwa nyumbani. Nyie redio hamna lakini vikundi vya vikoba mnavyo, vikao vya wazazi mnavyo, misikiti na makanisa yapo, huyo dada apelekwe huko badala ya kukaa akisubiri watu.

Mwanangu, mimi nina kitochi na sina mpango wa kununua hizo simu za kupapasa. Hayo mambo ya serikali mtandao yananihusu? (Mzee wa Gongo la Mboto)

Shikamoo mzee wangu, yanakuhusu sana tu. Piga *152*00# kwenye hiyo hiyo kitochi, inafungua menyu ya huduma za serikali kwa Kiswahili na haihitaji bando. Alafu piga na *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta namba usiyoijua nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao husika waifute, na usimtume mtu, nenda mwenyewe.