Figo Hazichuji kwa Matundu Tu: Kwa Madaktari Wapya wa Wodini

Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo linapoingia wodini, huwa ninawauliza swali lile lile mbele ya kitanda: figo huchujaje damu? Majibu nayo ni yale yale. Nitatajiwa tabaka tatu za ukuta wa glomerula, vile vifundo vya kapilari vinavyochuja damu ndani ya figo, bila kukosea hata moja, yaani endothelia (tabaka la ndani la kapilari) yenye matundu, utando wa chini wenye chaji hasi unaosaidia kuizuia albumini, protini ya damu, na seli za podosaiti zenye vidole vilivyopishana. Kisha huyo huyo aliyejibu vizuri anageuka na kumwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, mzee anayeharisha. Wadogo zangu, ninawapenda, lakini jambo hili linanichosha, kwa hiyo ninayaandika haya mara moja nisije nikayarudia katika kila raundi.

1. Fikirini shinikizo kabla ya matundu. Mkamua tui anajua kwamba kifumbu kiwe kizuri namna gani, bila mkono wa kukiminya hakitoi kitu. Ndani ya glomerula mkono huo ni shinikizo la damu: takriban milimita 60 za zebaki husukuma maji yatoke kwenye kapilari, protini za plazma huyavuta yarudi kwa nguvu ya 32, na majimaji yaliyomo katika kapsuli ya Bowman, kikombe kinachoizunguka glomerula, hupinga kwa 18, hivyo ziada ni 10 tu. Kwa ziada hiyo ndogo mtu mzima mwenye afya huchuja mililita 125 kwa dakika, sawa na lita 180 kwa siku, ambazo karibu zote mirija huzirudisha mwilini hadi ukabaki mkojo wa lita moja na nusu hivi. Anayeielewa hesabu hii haoni ajabu mgonjwa aliyeishiwa maji anapoacha kukojoa ilhali ukuta wa glomerula zake ni mzima kabisa.

2. Zijueni ateriola zote mbili za glomerula, mishipa midogo ya kuingiza na kutoa damu, kwa kazi zake. Shinikizo likishuka, kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini huilegeza ile inayoingiza damu, na homoni ya angiotensini II huikaza ile inayoitoa, ili uchujaji usiporomoke. Mimi niliyajua haya kwa ajili ya mtihani, na hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilipokuwa mgeni kama ninyi alilazwa bibi wa miaka 70, mwembamba, mwenye kilo 40, aliyekuwa akitumia enalaprili na furosemidi kwa ajili ya presha, na ambaye alikuwa ameharisha kabla ya kuletwa. Usiku akalalamika magoti. Nikaangalia kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, nikaona mikromoli 88 kwa lita, maabara haikuweka alama yoyote, basi nikaandika diklofenaki ya sindano na dawa zake za presha nikaziacha ziendelee, nikaenda zangu kulala nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu. Kwa mkono wangu, kwa diklofenaki hiyo, nilikuwa nimeziondoa prostaglandini zilizoishika wazi ateriola ya kuingiza, huku enalaprili, inayopunguza angiotensini II, ikiwa imekwisha kuilegeza ile ya kutoa, na furosemidi ikimnyang'anya maji aliyokuwa amebaki nayo. Asubuhi sista wa zamu aliniita kitandani, akainua mfuko wa mkojo, akaniuliza, bila kupaza sauti, "Daktari, huu unauona?" Chini ya mfuko palikuwa na mkojo kidogo, mzito, wa kahawia, ambao haukufika hata mstari wa kwanza, wakati mgonjwa wa kilo 40 alipaswa kutoa angalau mililita 20 kila saa. Tulisimamisha dawa zote tatu, tukampa dripu kwa uangalifu, na bahati yake, au niseme bahati yangu, mkojo ukarudi. Sista hakulitaja tena jambo hilo, ila kwa muda mrefu alisoma kila nilichoandika mara mbili.

3. Kreatinini huja na habari zilizochelewa. Uchujaji unaweza kupungua kwa nusu na namba bado ikaitwa ya kawaida, hasa kwa mtu asiye na misuli. Lau ningefanya hesabu ya Cockcroft na Gault, ya kukadiria uchujaji, kwa yule bibi, 140 kutoa umri, mara uzito, na kadhalika, ningepata takriban mililita 33 kwa dakika, tena kwa kudhani kwamba kreatinini imetulia. Ikiwa bado inapanda, hata hiyo 33 ni ya kujipendekeza. Kwa hiyo mpimeni mgonjwa uzito, msiukisie. Ninajua mizani ya wodi inakwama, ipigeni kidogo.

4. Kijiti cha kupima mkojo msikidharau. Kwa mgonjwa wa kisukari albumini mara nyingi huanza kuvuja miaka kadhaa kabla kreatinini haijapanda, na ikiwa kijiti hakionyeshi protini, ombeni uwiano wa albumini na kreatinini, kwa kuwa kiasi kidogo hukipita.

5. Mpira wa mkojo ukiwekwa, andikeni mililita na saa. "Anakojoa vizuri" si kipimo, na nikiikuta kwenye faili nitaikata kwa kalamu nyekundu mbele ya wenzenu.